Papo kwa Papo Kamba Hukata Jiwe

Methali hii imezaliwa pwani, kwenye visima vya mawe. Huku Umatengoni, milimani Mbinga, maji hushuka yenyewe kutoka mlimani, na anayekwenda mtoni Ngaka hahitaji kamba. Ndiyo maana, nadhani, tuliofundishwa methali hii darasani tulipewa nusu ya maana yake: vumilia, utafanikiwa. Mwalimu akafuta ubao, tukaendelea na nyingine.

Aliyeteka maji kisimani anajua zaidi. Kamba ya makumbi ni laini, jiwe la mdomo wa kisima ni gumu. Lakini kamba inapita palepale, asubuhi na jioni, mpaka jiwe linafanya mfuo unaoingia kidole. Uzito wa methali haumo katika kukawia, umo katika maneno yake ya mwanzo: papo kwa papo. Kamba ingerukaruka huku na huku, jiwe lingebaki vilevile. Na kuna jambo ambalo methali imelinyamazia. Hakuna aliyetoka nyumbani kwenda kukata jiwe. Watu walikwenda kuteka maji, mfuo ukaja wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya swali wanaloliuliza wageni wa misheni: baada ya miaka mia na zaidi ya Injili, mbona watu hawa bado maskini, na mbona waliobatizwa bado wanakwenda kwa mganga usiku? Swali ni la haki. Ila anayeuliza amekuja kupima mfuo, hajaja na ndoo.

Padre William Percival Johnson, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alifika Ziwa Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Jicho lake moja lilipofuka, la pili likabaki na nuru hafifu. Mwenzake Chauncy Maples alizama ziwani mwaka 1895, muda mfupi baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu. Johnson akaendelea, kijiji kwa kijiji, ufuko uleule, hadi alipofariki mwaka 1928. Kaburi lake liko Liuli. Dayosisi ya Ruvuma ilizaliwa 1971, miaka 43 baadaye. Kamba nayo hulika. Inayoanza mfuo siyo inayoumaliza.

Wapo walioona kamba inachelewa, wakashika moto. Huko Peramiho, misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani iliyoanzishwa 1898, padre mmoja alichoma kibanda cha mahoka cha Mputa Gama, nkosi (mtawala) wa Wangoni, mahali pa kusemea na wahenga wake. Kazi ya dakika chache. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, Peramiho ikachomwa, na misheni ya Kigonsera, iliyofunguliwa 1899, ikaharibiwa. Askofu Cassian Spiss, naye Mbenediktini, alikuwa ameshauawa mwezi Agosti, njiani upande wa Liwale. Sisemi kibanda kile ndicho kilicholeta vita; kodi na kiboko cha Wajerumani vilitosha. Nasema moto hauachi mfuo. Unaacha majivu, na majivu yana wenyewe.

Na jiwe ni nani? Nimesikia wahubiri wakisema jiwe ni moyo mgumu wa mwenyeji. Nakataa. Mwenyeji ndiye aliyeivuta kamba hiyo kwa muda mrefu kuliko padre yeyote. Mtazame katekista: mkulima wa kahawa anayepanda na kushuka vilima kwenda kigangoni Jumapili ambayo padre hafiki, akafundisha watoto, akazika wafu, kisha akarudi shambani kwake. Huko analima ngoro. Mume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba. Mke huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, akapanda maharage juu ya matuta. Nyasi zinaoza polepole, mvua inatulia shimoni badala ya kuuporomosha mlima. Mteremko uleule umelisha watu tangu enzi za mababu. Mtu wa namna hiyo ana lipi la kufundishwa na mgeni kuhusu papo kwa papo?

Lakini methali hii ina upande wa kuogopwa. Ni rahisi kumwambia maskini avumilie huku bei ya kahawa ikianguka na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yakimpita barabarani na kumwachia vumbi. Kamba isiyofungwa ndoo nayo hukata jiwe. Inapanda na kushuka, mfuo unaonekana, na hakuna aliyekunywa. Kwa hiyo kazi inayokwenda taratibu haitoshi kusifiwa kwa sababu ni taratibu. Iulizwe: je, maji yanatoka? Yupo mtoto aliyepata kusoma, mama aliyejifungua salama, mjane aliyelimiwa shamba na jumuiya yake? Pakiwa na hao, mwendo wa kobe si aibu. Wasipokuwepo, hata takwimu za ubatizo zijae daftari zima, tumekwaruza jiwe tu.

Tangu Peramiho ianzishwe hadi Songea kumpata askofu wa jimbo aliye mwenyeji, James Komba, mwaka 1969, ilipita miaka 71. Nadhani ilikuwa mingi mno. Hapo waliovuta kamba walicheleweshwa kushikishwa ndoo. Jimbo la Mbinga lilifuata mwaka 1986, na askofu wake wa kwanza, Emmanuel Mapunda, hakutoka Bavaria kama wamisionari wa kwanza.