Mawe ya Wakfu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Fundi mmoja kijana wa hapa Goba alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza: "Maalim, msikiti ulioanguka zamani, usiosaliwa tena, mawe yake yafaa kutiwa katika msingi wa nyumba?"

Jawabu: Haifai. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, msikiti ni wakfu, na wakfu haufi kwa kuanguka kuta. Imamu Nawawi amebainisha katika Minhaji ya kuwa msikiti uliobomoka hauuzwi kwa hali yoyote, ijapokuwa haumkiniki kujengwa tena. Na mawe yake, ikikhofiwa kupotea, kadhi akiona maslaha huyajengea msikiti mwengine. Ama sivyo huhifadhiwa. Haikutajwa nyumba ya mtu.

Tazameni Kunduchi, jirani zetu wa pwani. Pana gofu la msikiti wa karne ya 15 au ya 16, wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya Kichina. Walioujenga walitaraji thawabu isiyokatika. Leo hawana ulimi wa kudai haki yao. Wadai wao ni sisi tulio hai.

Huenda mtu akasema: "Kujenga juu ya kaburi kumekatazwa, basi ya nini kuyatunza hayo?" Ni kweli, nasi hatumwamrishi mtu kujenga mapya, wala kwenda kuwaomba maiti haja zake. Lakini kosa la aliyejenga halikuhalalishii wewe kuvunja kaburi la Muislamu ukachukua mawe yake. Nenda ukawaombee dua, ukumbuke mauti, na umwonyeshe mwanao kuwa dini hii haikufika pwani yetu jana.

Wala tusiseme kuwa yaliyochakaa hayaokoki. Magofu ya Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, yalitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yakatengenezwa, na mwaka 2014 yakatolewa humo.

Kijana yule akasema: "Lakini mawe ya kununua ni ghali, Maalim." Nikamwambia: "Ghali zaidi ni nyumba ambayo msingi wake una mdai siku ya Kiyama."

Wabillahi taufiki.