Pipi za Sikukuu na Hesabu ya Hasara

Idi Unguja husherehekewa siku nne, na mtoto anazijua zote kwa majina: sikukuu mosi, pili, tatu na nne. Kuna nguo mpya, kuna mkono wa Idi kutoka kwa wakubwa, na jioni kuna viwanja vya sikukuu. Lakini kati ya adhuhuri na jioni kuna saa ndefu za joto ambazo watoto hukaa barazani wakiwa na vifuko vya pipi, ubuyu na kashata. Hapo pakiti ya karata hutolewa. Mtoto mmoja huweka pipi mbili mkekani, mwenzake naye huweka mbili, na mshindi huzoa zote.

Wapo wazazi ambao karata haziingii nyumbani mwao kabisa, na hoja wanayo. Qurani imekataza kamari waziwazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na karata na kamari zimefuatana miaka mingi. Anayechukua msimamo huo ana haki yake. Maneno haya ni kwa sisi tuliobaki, tunaoziruhusu karata kisha tukaingia ndani kulala. Ukiruhusu mchezo, umejitwika wajibu wa kukaa mkekani.

Chukua wahedisitini, mchezo ambao watu wawili wanautosha. Nane, tisa na kumi huondolewa, zikabaki karata 40. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2; zilizobaki ni karata tupu. Jumla ni pointi 120, kwa hiyo anayefikisha 61 ameshinda. Karata moja hufunuliwa, na aina yake ndiyo turufu.

Mtazame mtoto wa miaka minane anapoupata mchezo huu kwa mara ya kwanza. Turufu ikimfikia mkononi haikai. Anaitupa papo hapo kukatia karata tupu, anacheka, anavuta karata kwake. Lundo lake linanenepa. Mwishoni ana karata 24, bibi yake ana 16 tu.

“Bibi, nimekushinda!”

“Hesabu kwanza, mjukuu wangu.”

Wanahesabu. Kwa mtoto imo ree moja, seti mbili, na wazungu wengi wadogo: pointi 52. Katika lundo jembamba la bibi zimo ree tatu na seti mbili, na jumla yake ni 68. Mtoto ananuna. Bibi hamdanganyi mtoto kwamba ameshinda, wala hamcheki. Anampa karata azichanganye tena.

Katika tukio hilo dogo kuna mambo mawili ambayo mzazi hana ruhusa ya kuyakwepa. La kwanza ni kucheza kwa haki. Wengi wetu humwachia mtoto ashinde ili asilie, tukidhani ni huruma. Mtoto si mjinga; siku akigundua, atajua kwamba sifa zetu hazina uzito, na hata zile alizozistahiki atazitilia shaka. Kama pengo ni kubwa, mpe nafuu iliyo wazi: aanze na pointi kumi, au acheze karata zake zikiwa wazi huku ukimwelekeza. Nafuu inayotajwa haimdhalilishi mtu. Inayofichwa ni udanganyifu, hata ukifanywa na mama.

La pili ni pipi zenyewe. Pipi inayowekwa mkekani ili mmoja aondoke nayo na mwenzake aondoke mikono mitupu ni dau, hata iwe ndogo kiasi gani. Kinachomnogea mtoto hapo si utamu wa pipi bali kule kupata cha mwenzake bila kukitolea jasho. Akipoteza, atataka mkono mmoja zaidi arudishe chake. Anayewafahamu watu wa kamari anaijua hamu hiyo. Ndiyo inayowamalizia mishahara.

Dawa yake ni nyepesi. Pipi ziwe sahani moja ya nyumba nzima, zisiwe mali ya mchezaji. Zitumike kuhesabia mikono aliyoshinda kila mmoja ikiwa watoto wanapenda, kisha mchezo ukiisha zirudi sahanini na kila mmoja apewe fungu sawa. Mshindi apate kugawa, asipate kuzidishiwa. Watoto watalalamika mara ya kwanza na ya pili. Baadaye watauzoea utaratibu huo, na mchezo utabaki na ladha yake, kwa sababu ushindi wenyewe unawatosha.

Atakayesema haya ni makubwa kuliko pipi, apite mitaani Dar es Salaam au Mwanza atazame mashine za kamari ziitwazo dubwi madukani. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini sheria haikai mlangoni mwa kila duka, na sarafu ya mtoto inaingia tunduni sawa na ya mtu mzima. Halafu kuna simu, ambayo haihitaji hata duka. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa leo unafunza kwa ada, na ada hiyo hulipwa na nyumba nzima.

Kwa hiyo tusiwakabidhi watoto karata kama tunavyowakabidhi simu, ili watupishe tupumzike. Baba apate nusu saa mchana wa sikukuu, akae chini, agawe karata, ashindwe kweli akishindwa na ashinde bila majivuno. Mtoto ana haki ya kuonja hasara yake ya kwanza mbele ya mtu anayempenda, pahali ambapo hasara hiyo haimnyang’anyi kitu.