Divai na Pombe

Septemba 2022, nikiwa safarini kutoka Tabora kwenda Morogoro, nilishuka Dodoma kupumzisha magoti. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amesikia kwamba ningepita, akanichukua hadi shambani kwake Hombolo kwa chakula cha mchana. Mkewe alituandalia ugali wa mtama, mlenda na mbuzi wa kuchoma. Pembeni palikuwa na chupa isiyo na karatasi ya jina.

"Ni ya zabibu zangu, Mwalimu. Onja."

Divai nimeinywa mara chache, na mara nyingi ilikuwa tamu kama maji ya sukari. Hii ilikuwa kavu. Ilianza kwa ukali mdogo, ikaacha ukakasi ulimini kama wa bibo, na nilipokwisha kumeza ndipo ladha ya tunda ikarudi taratibu. Pamoja na mafuta ya mbuzi ilikuwa jambo jingine kabisa. Nikanyamaza, mimi ambaye wajukuu husema sinyamazi.

Mwenyeji akanieleza kwamba zabibu zake ni zile nyekundu za Makutupora, zenye jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na kwamba katika ukame ule huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mizabibu huko ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na Bihawana hutajwa sana katika habari hizo. Nikakumbuka kwamba utotoni, kanisani, tuliita kinywaji hiki divai. Kilipotoka kanisani kikaingia baa, kikaitwa mvinyo. Lugha nayo ina adabu zake.

Bilauri ya pili ndiyo iliyoniletea taabu. Mwaka 1986, nikiwa mkuu wa shule na yeye akiwa kidato cha tatu, nilimfukuza shule kwa kukutwa bwenini na kibuyu cha pombe ya mtama. Hakuwa amelewa. Nilihutubia paredi nzima juu ya ulevi, na jioni ile ile walimu tulimuaga mwenzetu kwa kreti mbili za bia. Mgeni rasmi nilikuwa mimi.

Utetezi ninao. Yeye alikuwa mtoto, sisi watu wazima; kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani; na hata leo nisingeruhusu pombe bwenini. Yote hayo ni kweli. Lakini adhabu zilikuwa na ngazi: kufyeka nyasi, viboko, kumwita mzazi. Mbona niliziruka zote? Nikijichunguza bila kujihurumia, naona kwamba kilichonikasirisha ni kibuyu chenyewe. Ingekuwa chupa ya divai yenye kizibo, nahisi ningeifungia kabatini na kumwita baba yake kwa mazungumzo. Pombe ya mtama ilinukia kijijini kwetu, kule nilikotoka kwenda chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimejifunza kuionea haya. Na mtama huo huo sasa nilikuwa nikiumega kwa vidole.

Msomaji ataniambia kwamba ulevi ni ulevi, na divai ya bei kubwa humwangusha mtu katika mtaro ule ule. Sibishi. Langu ni jingine: divai ile haikupoteza ladha. Nilidhani dhamiri ikichoma, ulimi nao hufa ganzi. Kumbe kila kimoja kina njia yake. Je, ni halali kufurahia kitu kizuri mkononi mwa mtu uliyemdhulumu? Nilitaka kuisukuma bilauri kando, na hilo lingeniridhisha sana. Lakini ingekuwa kumfukuza mara ya pili, kazi ya mikono yake ikikataliwa na mwalimu yule yule, safari hii mbele ya mkewe.

"Mwanangu," nikaanza, "mwaka ule..."

"Mwalimu, mlenda unapoa."

Akanisogezea bakuli. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayesubiri daftari lake lisahihishwe, kama divai imefikia au bado. Nikaonja tena bila haraka. Nikamwambia kweli: ni nzuri sana, ila ukakasi umezidi kidogo, na ile iliyobaki pipani ingengoja miezi michache. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika.