Mwandishi wa Deni

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu deni. Ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inayowaamuru wanaokopeshana kwa muda waliandike deni lao, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Aya hiyo haikuishia kwa mkopeshaji na mkopaji. Ilimtaja na mtu wa tatu, mwenye kalamu, ikamtwika wajibu wake peke yake. Leo mtu huyo wa tatu ni kijana anayesomea teknolojia ya fedha chuo kikuu na kujifunza humo kuandika programu za kompyuta. Anachokiandika ni hati ya deni, na uadilifu aliodaiwa karani wa zamani anadaiwa yeye vilevile, tena kwa uzito zaidi.

Uzito huo unaonekana tangu masomo ya mwanzo. Mwanafunzi akijumlisha 0.1 na 0.2 kwa lugha ya Python, kompyuta humjibu 0.30000000000000004, kwa kuwa desimali hizo hazikai kikamilifu katika hesabu ya sifuri na moja. Basi hufundishwa kuhesabu fedha kwa namba kamili, na hapo hukutana na uamuzi: kipande cha shilingi kinachobaki kipandishwe au kishushwe? Akiandika mstari mmoja tu kwamba kila kipande kipandishwe kwa faida ya mkopeshaji, kila muamala utapunjwa takriban nusu shilingi kwa wastani. Katika miamala milioni moja hiyo ni kama laki tano, na hakuna hata mtu mmoja atakayehisi ameibiwa. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wapunjaji wa vipimo, na katika Biblia nabii Amosi anawakemea wenye mizani ya hila. Muuza duka anayebonyeza mizani kwa kidole humpunja mteja aliye mbele yake. Programu iliyopinda huwapunja wote, hata aliyeiandika akiwa amelala.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi wa programu ni mwajiriwa tu: masharti hupangwa na wenye kampuni, na kuwadhibiti ni kazi ya sheria. Ni kweli kwamba sheria ina kazi yake. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokopesha bila leseni. Lakini sheria ilifika baada ya watu kwisha kuumia. Kabla yake, kuna mtu aliyeandika mstari wa kuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na mstari mwingine wa kuwatumia wakwe zake na mwajiri wake ujumbe wa kumwaibisha. Mwandishi huyo alijua mistari hiyo inafanya nini. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inamweka mwandishi wa riba katika lawama moja na mlaji wake na mtoaji wake. Hata asiye Mwislamu ataiona hekima yake: dhuluma haitimii bila mikono ya kuitenda.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tukiwatia vijana hofu, maskini watabaki bila mkopo. Huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mikopo ya M-Shwari ikafuata mwaka 2012, na watu ambao benki haikuwahi kuwafungulia mlango wakakopa kwa simu ya mkononi. Ni heri kubwa, na aya ile ile inamkataza mwandishi kukataa kuandika. Kazi ni yake, asiikimbie. Ila aya inaongeza sharti ambalo wengi wetu tunalipita: anayetoa maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, na akiwa hawezi, msimamizi wake amsemee kwa haki. Katika mkopo wa simu mdaiwa hasemi lolote. Anabonyeza "Nakubali" tu. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akikopa hivyo mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, ada hizo hufikia asilimia 90 ya mkopo. Hesabu hiyo ikae juu ya kitufe au isionekane kabisa? Anayechora ukurasa ndiye msimamizi wa mdaiwa asiye na sauti.

Kwa hiyo uadilifu usiachiwe hotuba za Ijumaa na Jumapili. Ufundishwe katika darasa lile lile la programu na utahiniwe humo. Mwanafunzi aisome programu yake kwa sauti, kwa Kiswahili, kama anamsomea mamantilie anayetaka mtaji wa unga na mafuta: utapokea kiasi hiki, utarudisha kiasi hiki, siku fulani, na ukichelewa tutafanya hivi. Mstari atakaoshindwa kumsomea mama huyo usoni, aufute.