Yesu Aliwapandisha Chomboni: Kijana wa Machimboni na Likizo ya Rubondo

Somo: Marko 6:30-34



Wapendwa vijana wenzangu, somo hili tunalisikia Dominika ya 16 ya Mwaka B. Mitume wamerudi kutoka utume. Wamechoka. Watu wanaingia na kutoka, mpaka nafasi ya kula hawana. Yesu hawaambii wakaze buti. Anawatenga na umati, wanapanda chombo na kwenda mahali pasipo watu ili wapumzike.

Tazama vizuri picha hiyo: kikundi kidogo, chombo cha majini, nyika, na Kiongozi anayejua njia. Sasa niambie, nani alikudanganya kwamba safari ya namna hiyo ni mambo ya Wazungu?

Sisi wa Shinyanga na Geita tumezungukwa na watu wanaochimba. Mwadui wanatoa almasi tangu mwaka 1940. Nyarugusu, Mwakitolyo, Bulyanhulu, kote huko dhahabu. Na katika mkoa huohuo wa Geita, ndani ya Ziwa Victoria, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1977. Unafika Nkome au Kasenda, unapanda boti. Kule unatembea msituni kwa miguu ukiongozwa na askari wa uhifadhi, unaona nzohe kwenye matete, tembo, ndege wa kila rangi. Vijana wangapi wa parokia zetu wamewahi kuvuka? Wageni wanatoka Ujerumani kuja kuona kitu ambacho sisi tunakipita na basi.

Ukimuuliza kijana atakujibu, "Kaka, hela ya kwenda kuangalia miti si bora niongezee kwenye bodaboda?" Swali la haki kabisa. Silidharau, maana njaa haina likizo. Lakini naomba tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza: kupumzika ni alama ya mtu huru.

Soma Kumbukumbu la Torati 5:15. Mungu anapowaamuru Waisraeli waishike Sabato, sababu anayowapa ni kwamba walikuwa watumwa Misri naye akawatoa. Mtumwa hana siku yake. Farao alihesabu matofali tu. Kwa hiyo anayepumzika anatangaza kwamba Farao si bwana wake tena.

Wagiriki wa kale nao waliliona hili kwa namna yao. Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate nafasi ya utulivu, wala si kinyume chake. Utulivu huo Wagiriki waliuita *skhole*. Neno hilo likaingia Kilatini, likaingia Kijerumani, na Wajerumani wakatuachia sisi kama "shule". Ajabu, sivyo? Shule maana yake ya asili ni mapumziko: muda wa mtu kutulia na kutazama ukweli.

Sasa angalia machimboni. Kijana anapima thamani yake kwa gramu. Siku ya kupata, anatumia zote usiku mmoja. Siku ya kukosa, anajiona si mtu. Akikaa kimya dakika kumi, anaogopa. Huyo ana Farao wake, hata kama hamwoni.

Rubondo inatupa mfano mzuri. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Uhifadhi la Frankfurt walileta kisiwani sokwe 17 kutoka Ulaya. Wengi walikuwa wameishi miaka mingi vizimbani. Walifunguliwa tu, wakaachwa msituni. Nani angetegemea waweze? Lakini walijifunza kujitafutia chakula na kujenga viota juu ya miti, na leo wajukuu zao wako huko, wanyama wa porini kamili. Kama mnyama aliyezoea kizimba aliweza kurudia maumbile yake, wewe uliyeumbwa kwa mfano wa Mungu utashindwa kuacha kizimba chako?

Pili: mchunguze anayekuongoza.

Msituni hutangulii. Askari yuko mbele, ninyi nyuma kwa mstari. Akiinua mkono, mnasimama. Akisema kimya, mnanyamaza. Petro alitaka kumtangulia Yesu, akaambiwa arudi nyuma yake (Mk 8:33). Hapo ndipo mahali pa mfuasi.

Mchimbaji analielewa hili kuliko mimi. Unaposhuka duarani, uhai wako uko mkononi mwa aliyeshika kamba juu. Huwezi kumpa kamba mtu yeyote tu. Basi mbona kamba ya roho tunampa yeyote? Yupo anayekwambia dhahabu haitoki bila kafara. Kanda yetu ya Ziwa imemwaga damu ya ndugu zetu wenye ualbino kwa sababu kuna watu waliwafuata viongozi wa aina hiyo. Tusilizungumze kwa kunong'ona. Ni dhambi inayomlilia Mungu, na kijana Mkristo hana sababu hata ya kukanyaga kizingiti cha mtu huyo.

Kipimo ni rahisi, kimo katika Yohana 10. Mchungaji mwema hutangulia mbele ya kondoo, na yuko tayari kufa kwa ajili yao. Mganga wa kafara anabaki kwenye kiti chake, anakutuma wewe, na wa kufa ni mwingine. Uliza kila anayekuita: je, anatangulia yeye mwenyewe? Je, atanirudisha nyumbani mzima?

Tatu: kikundi kidogo hakimwachi mtu.

Karol Wojtyła, akiwa padre kijana huko Poland, alikuwa akisafiri na vikundi vya vijana milimani na mitoni. Serikali ya kikomunisti haikuruhusu mapadre kuongoza vijana, kwa hiyo alivaa nguo za kawaida na wao wakamwita "Mjomba". Mtumbwi uliogeuzwa juu chini ulikuwa altare yao. Mwaka 1958 alikuwa kwenye safari ya mitumbwi alipoitwa Warszawa kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa askofu. Ndiye Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye Septemba 1990 alifika hadi Mwanza yetu. Safari zile hazikumpotezea muda. Zilimlea yeye na wale vijana pia.

Kwenye kikundi cha watu wanane huwezi kujificha. Aliyechoka anaonekana, mwenye hasira anaonekana, na mwendo wa wote unakuwa mwendo wa aliye nyuma. Kwenye hifadhi zetu za sokwe, mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, maana ugonjwa wetu unaweza kuwaua. Umelipa, umesafiri, na bado unabaki nyuma kwa ajili ya uhai wa mwingine. Hayo ni malezi!

Hapa narudi kwenye swali la hela. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi ni kidogo kuliko cha mgeni. Kinachouma ni boti na nauli, navyo vinagawanyika mkiwa kikundi. VIWAWA, TYCS na jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuanza kuweka kidogo kidogo leo kwa safari ya mwakani. Lakini sharti liwe moja: wakienda wenye uwezo tu, hiyo si safari ya Injili. Kila kikundi kimchukue angalau mmoja ambaye hana kabisa, bila kutangaza jina lake.

Maana soma mwisho wa somo letu. Chombo kilipofika, umati ulikuwa umeshatangulia ng'ambo. Yesu hakukasirika kwamba likizo imeharibika. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha, na baadaye wakala wakashiba. Pumziko la Kristo halikufungi usiwaone watu. Linakurudishia macho ya kuwaona.

*Tusali:* Ee Yesu, Mchungaji uliyetangulia mbele yetu, utufundishe kukaa nyuma yako. Uwalinde ndugu zetu walioko chini ya ardhi saa hii, na uwarudishe juu salama. Utuvunjie vizimba vya tamaa na hofu, utupe siku ya kupumzika na moyo wa kuwahurumia wengine. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.