Je, Hofu Inaweza Kumfundisha Mtoto Mpira?



Katika toleo hili hatutaki kujadili kama mpira wa miguu ni dhambi au si dhambi. Neno hilo limezungumzwa sana tangu tufike hapa, na wale wanaopanga mechi saa za ibada tutawaandikia siku nyingine. Swali letu la leo linawahusu wazazi na walimu wa mpira, na hata sisi wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili. Ni hili: mtu mzima anayemfundisha mtoto, je, ana haki ya kumtia hofu ili afanye vizuri?

Swali limetoka uwanjani. Watoto wanapocheza, pembeni ya mstari husimama wazazi, kaka zao na majirani. Mtoto akipoteza mpira yanatoka maneno ambayo kanisani hatungethubutu kuyatamka. Anaitwa mjinga. Anaambiwa atoke, anaaibisha ukoo. Na ukimwuliza baba aliyesema hivyo, anakujibu kwamba hivyo ndivyo sisi tulivyolelewa, na tukawa watu. Jibu hilo tusilidharau. Maandiko hayakatai adhabu. Soma Waebrania sura ya 12. Mtoto asiyerudiwa na mtu yeyote huumia kwa njia nyingine. Kwa hiyo hatuwezi kulimaliza swali kwa kusema tu, "tuwe wapole." Inatupasa kutazama jinsi mchezaji anavyotengenezwa, kuanzia mguuni mpaka moyoni.

Mtoto aliyezoea mpira wa makaratasi na mifuko ya plastiki anajua kukimbia na mpira, anajua hata kupiga chenga, lakini hajui mpira unaodunda. Mpe mpira wa kweli, utamruka mguuni na kwenda zake. Mwalimu anayejua kazi hashangai. Hampeleki siku hiyo hiyo kwenye mechi ya watu 11 kwa 11, kwa maana huko mtoto mdogo anaweza kukimbia nusu saa nzima na kuugusa mpira mara chache mno. Anaugawa uwanja, anawaweka watoto watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, ili kila mmoja apokee, atoe, akosee na arudie. Anawasimamisha mbele ya ukuta, wapige mpira na kuupokea, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Anamwambia mtoto ageuze kichwa na kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, ili ajue mapema atampa nani. Kazi hii haina makofi. Hakuna anayekuja kutazama watoto wakipiga ukuta.

Hapo ndipo kujiamini kunapozaliwa, na hapo pia ndipo tulipoulizwa swali na mzee mmoja wa kanisa. Alisema: "Mkristo anatakiwa kumwamini Mungu. Sasa kumfundisha mtoto kujiamini, si kumfundisha kiburi?" Swali hilo ni zuri kuliko wengi walivyodhani siku ile.

Tunamjibu kwa habari ya Daudi, katika 1 Samweli sura ya 17. Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita, kofia ya shaba na upanga. Daudi akavivua, kwa sababu hakuwa amevijaribu. Mwenye kiburi angeenda navyo, maana vilikuwa vya mfalme. Daudi alichukua kombeo, kitu ambacho mkono wake ulikizoea porini, na alipoeleza sababu ya ujasiri wake alitaja simba na dubu, kisha akamtaja Mungu aliyemwokoa nao. Kujiamini kwake kulikuwa kumbukumbu ya kazi aliyokwisha kuifanya na msaada aliokwisha kuupata. Hakujidai kwamba anaweza kila kitu. Basi mzazi anayemwambia mtoto "wewe unaweza yote" anampa maneno matupu, na siku ya mechi yatamwishia dakika ya kumi. Mwalimu aliyempa mguu wa kushoto kwa miezi sita amempa kitu ambacho mtoto anaweza kukishuhudia bila kusema uongo. Hatuoni kiburi hapo.

Sasa tuje kwenye hofu. Mtoto anayeogopa hatazami uwanja. Macho yake yana mahali pawili tu: kwenye mpira na kwenye mstari, alipo baba yake. Mwenzake amesimama peke yake upande wa pili, hamwoni. Miguu ile ile iliyopokea vizuri siku ya mazoezi inakuwa kama ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayefoka anaharibu kazi ya mwalimu kwa mikono yake mwenyewe, na mwalimu anayefoka anaharibu ya kwake.

Wengi wetu tunaotoka Kongo tunaikumbuka habari ya 1974, au tulisimuliwa na baba zetu. Mwezi wa tatu mwaka huo, timu ya Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mashindano mamoja. Fainali ya kwanza na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0, na mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalikuwa ya Ndaye. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Kocha alikuwa yule yule, Blagoje Vidinić, na wachezaji wengi walikuwa wale wale. Walifungwa na Scotland 2-0, si aibu. Kisha Yugoslavia wakawafunga 9-0, na Ndaye alitolewa nje mapema kwa kosa la mwenzake.

Ustadi wa Cairo ulikwenda wapi kwa miezi mitatu? Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye. Fedha walizoahidiwa hawakuzipata, na wakataka kugoma. Baada ya mabao yale tisa, Mwepu Ilunga alieleza, watu wa Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne hawatarudi nyumbani. Katika mchezo huo Brazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajapiga, Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali. Akapewa kadi ya njano. Dunia ikacheka kwa miaka mingi, ikisema Waafrika hawajui hata sheria za mpira. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alisema alizijua vizuri, na kwamba alifanya vile kwa makusudi, kwa hasira na kupinga yaliyowapata. Mchezo ukaisha 3-0.

Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu wengi wetu tuliicheka pia. Mtu mzima, bingwa wa Afrika, alitishwa na mkubwa wake, na dunia nzima ikaona kichekesho. Basi mtoto wa miaka 11 anayepiga mpira nje bila sababu, tumemwuliza kabla ya kumcheka? Huyo Ndaye mwenyewe alikimbilia Afrika Kusini miaka ya 1990, akaishi huko kama mkimbizi, akafariki mwaka 2019. Ni mtu wa kwetu kwa njia mbili.

Kuna neno jingine, nalo ni zito zaidi hapa tulipo. Wako watoto kati yetu ambao mwanamume akifoka, wao hawasikii mwalimu. Wanasikia usiku fulani. Hatuhitaji kueleza zaidi; kila nyumba inajua yake. Mtoto wa namna hiyo akigandishwa na sauti uwanjani, anayesema "huyu hana moyo wa mpira" ametoa hukumu asiyokuwa na ushahidi wake. Na tumeona mtoto wa namna hiyo hiyo akiwa mtulivu kuliko wenzake wote, baada ya kufundishwa mwaka mzima na mtu ambaye sauti yake haikumtisha.

Maana utulivu hufundishwa. Wengi hudhani ni kipawa cha kuzaliwa nacho. Tazama mwalimu anavyofundisha penalti: haiweki mwanzoni mwa mazoezi, watoto wakiwa wabichi. Anawakimbiza kwanza mpaka wachoke, kisha mmoja mmoja anatembea kutoka katikati ya uwanja, peke yake, wenzake wakipiga kelele. Anachagua kona kabla ya kuweka mpira chini, na haibadilishi. Anavuta pumzi. Filimbi ikilia, haikimbilii. Profesa mmoja wa Norwe, Geir Jordet, aliyechunguza penalti za mashindano makubwa, aliona kwamba wanaoharakisha kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Tunaamini ni kwa sababu wanataka mateso yaishe.

Tarehe 13 Juni 2022, kule Qatar, Australia na Peru walifika kwenye penalti wakigombea nafasi ya Kombe la Dunia. Mkwaju wa sita wa Australia ulipigwa na Awer Mabil. Kijana huyo alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia Sudan, na alianza kucheza huko huko kwa mpira wa vitambaa na mifuko. Alifunga, kipa wao akazuia mkwaju uliofuata, Australia wakapita. Baadaye alisema ule mkwaju ulikuwa shukrani ya jamaa yake kwa nchi iliyowapokea. Na tarehe 28 Januari 2024, katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, sote tunakumbuka Lionel Mpasi. Kongo na Misri walikuwa 1-1, penalti zikaenda mpaka kwa makipa. Yule wa Misri akagonga mwamba. Mpasi akatembea, akauweka mpira, akafunga, 8-7. Usiku ule hata mashemasi hawakulala.

Hatusemi kwamba watu hao hawakuwahi kukemewa. Mwalimu mpole asiyedai kitu naye ni mwizi, anamwibia mtoto muda wake. Aliyechelewa mazoezi aambiwe amechelewa. Asiyerudi kukaba aambiwe arudi, na asiporudi akae nje. Tofauti tunayoiona ni hii: kuna anayerekebisha mguu, na kuna anayemhukumu mtoto. "Fungua mwili kabla ya kupokea" ni neno ambalo mtoto anaweza kulifanyia kazi kesho. "Wewe huna akili" alifanyie nini? Mwalimu mmoja hapa ana desturi ambayo tungependa wote waiige. Mtoto akikosea, wakati wa mchezo anamwambia tu arudi kwenye nafasi yake. Baadaye, wakinywa maji, anamwuliza: "Pale uliona nini?" Na mara nyingi mtoto alikuwa ameona kitu. Aliona mwenzake anakimbia, ila mguu haukufikisha pasi. Huyo ana macho ya mchezaji. Kilichobaki ni ukuta na mguu wa kushoto.

Tunapomtazama Petro katika Mathayo sura ya 14, alipoanza kuzama, tunaona mpangilio huo huo. Bwana aliunyosha mkono kwanza na kumshika. Swali juu ya shaka yake lilikuja baadaye, Petro akiwa ameshikwa tayari. Kemeo lilikuwepo, wala halikuwa dogo, lakini halikumkuta majini peke yake. Naye Mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, neno lake la onyo amewapa akina baba. Tunawaomba walisome wenyewe nyumbani, watoto wakisikia.

Mechi za watoto zitaendelea Jumamosi saa tisa alasiri, wavulana kwanza na wasichana baadaye. Kwa makubaliano na walimu, itafungwa kamba hatua tano kutoka kwenye mstari, na watazamaji wote watakaa nyuma yake, wachungaji pamoja nao. Kupiga makofi na kuimba kunaruhusiwa. Maelekezo yatatolewa na mwalimu peke yake. Mwenye kamba ya kuazima aione ofisi ya kanisa kabla ya Ijumaa.