Shaka ya Wapenzi wa Mjini

Tamthilia nyingi za mapenzi za Dar es Salaam zina tukio moja lisilokosekana: simu imelazwa juu ya meza, tiki mbili zimegeuka buluu, na jibu haliji. Msichana anaishika, anaiweka, anaishika tena. Kisha anampigia shoga yake ili amuulize swali lilelile kwa mara ya tatu: kweli ananipenda? Watu wazima wakitazama haya husema vijana wa mjini wameharibika, hawana subira wala imani. Sikubaliani nao. Wasiwasi huu ni wa kweli na unaumiza, na ndani yake mna swali la dini: je, mtu ni lazima awe na hakika na moyo wake, na moyo wa mwenzake, ndipo amwahidi maisha? Hadithi zetu hujibu kwamba ni lazima. Kwa maoni yangu, jibu hilo ndilo linalozaa mateso yenyewe.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kikachapwa Ujerumani mwaka 1903. Ndoa katika kitabu hicho ni shughuli ya watu wengi. Kuna posa, kuna wazee wa pande mbili wanaopatana mahari, kuna kungwi anayemfunda mwari. Leo jiji linapanda kuifuata barabara ya Bagamoyo, kutoka Tegeta hadi Bunju na Mapinga, na kijana aliyepanga chumba huko ni mshenga wa nafsi yake, mzee wa nafsi yake, kungwi wa nafsi yake. Kazi iliyogawanywa kwa watu kumi imeuangukia moyo mmoja, nao hauna wa kumuuliza isipokuwa wenyewe. Jambo hili si letu peke yetu. Katika Annie Hall, filamu ya Woody Allen ya mwaka 1977, wapenzi wawili wa New York wanaeleza uhusiano wao kila mmoja kwa daktari wake wa nafsi. Mshenga alikuwa akienda na kurudi kati ya nyumba mbili. Daktari wa New York humsikiliza mmoja tu, naye hulipwa kwa hilo.

Hapo nitaambiwa kwamba nawatamani wazee walioozesha mabinti kwa nguvu. Hoja hiyo ni nzito. Katika Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza akiwa bado msichana mdogo, kwa mume aliyemzidi umri mno, na hakuna msomaji anayemlaumu kwa kuikimbia nyumba ile. Lakini sheria ya dini haikuwa upande wa waliomwoza. Bukhari amepokea habari ya Khansa binti Khidham, aliyeozwa na baba yake hali ya kuwa hataki, akaenda kushtaki kwa Mtume, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Ridhaa ni ya mwenyewe. Tena Mtoro mwenyewe ni ushahidi kwamba ndoa haisimami kwa wazee tu. Akiwa mwalimu wa Kiswahili Berlin, alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Mwaka uliofuata walitaka kurudi Afrika Mashariki, na utawala wa kikoloni haukukubali waishi huku kama mume na mke. Wakarudi Ujerumani pamoja. Dola nzima ilikuwa inawaambia kwamba ndoa yao ni kosa, na wao wakaichukulia kuwa ni jambo lililokwisha kufanyika.

Neno hilo, lililokwisha kufanyika, ndilo ninalolitafuta. Mafakihi wana kanuni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Aliyetia udhu, kisha akaingiwa na shaka kama umetenguka, udhu wake upo. Kanuni hiyohiyo huingia ndani ya ndoa: mume akishuku kama aliwahi kutamka talaka au hakutamka, ndoa ipo, kwa sababu ndoa ilithibiti na talaka haikuthibiti. Na ndoa ilithibiti kwa nini? Kwa tamko mbele ya mashahidi. Anayefungisha nikaha hamuulizi bwana harusi moyo wake umetulia kiasi gani. Anataka asikie amekubali. Kanisani pia wanaooana huulizwa kama wamekuja kwa hiari yao, kisha hutakiwa kuahidi. Dini hizi mbili zinaujua moyo vizuri, kwa hiyo hazikuutwika kazi ya kutoa hakika. Hata istikhara, sala ya kumwomba Mungu uongozi kabla ya kuamua, haimwahidi mtu kwamba atasimama kwenye mswala hana wasiwasi. Inamtaka atafakari, aombe, atende, na matokeo amwachie Mungu. Kijana wa tamthilia amegeuza mpangilio huu: anasubiri utulivu ndipo aahidi, na kwa kuwa utulivu wenyewe huletwa na ahadi, atasubiri sana.

Lipo pingamizi zito kuliko yote. Mwanamke anayeikagua simu ya mume pengine amekwisha kudanganywa, na kumwambia apuuze shaka ni kumfungia ndani na mtu anayemdhuru. Ningekuwa nafundisha hivyo, ningekuwa nafundisha dhuluma. Kanuni inasema shaka haiondoshi yakini; yakini nyingine huiondosha. Aliyepigwa, aliyetelekezwa bila matunzo, aliyeyashika mawasiliano ya mumewe na hawara kwa mikono yake, huyo hana shaka. Anajua, na ndiyo maana fikihi ikaweka khului, mke kujivua katika ndoa kwa fidia, na fasakh, kadhi kuivunja ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamfungulia mlango wa Baraza la Usuluhishi na wa mahakama. Kosa la waandishi wetu ni kumvalisha mwanamke huyu nguo moja na yule anayelia kwa sababu tiki zimegeuka buluu, hata mtazamaji akazoea kuwaambia wote wawili wavumilie, au kuwaambia wote wawili waondoke.